Mwendo wa Tarishi

Tarehe 9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba lile paa la jikoni mlishaliziba kabla mvua hazijachachamaa. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga ni kidogo kiasi kwamba nikijinyoosha kitandani vidole vinagusa mlango, lakini kina dirisha na jirani asiyepiga muziki, kwa hiyo sina la kulalamika. Naandika barua kama ulivyotaka mwenyewe. Ni kweli, simu ya nyumbani anaishika mama, naye huweka sauti ya juu mpaka neno la watu wawili linakuwa la mtaa mzima.

Umeniuliza nafanya kazi gani hasa, maana mama anawatangazia watu kwamba mimi ni injinia wa ndege. Tafadhali mwambie aache. Ninatengeneza gemu. Ofisini tuko wachache: mwenye ofisi, mchoraji, mtu wa sauti, na mimi. Gemu yetu inaitwa Tarishi. Ni mzee mmoja aliyebeba mfuko wa vifurushi, anapita mitaani akiruka mifereji na kukwepa mbwa mpaka afike mlangoni kwa mwenye kifurushi. Unamwona kwa ubavu tu, kama picha ya ukutani: anakwenda kulia, anarudi kushoto, anaruka, anashuka, basi. Mchoraji humchora, na mimi humtembeza.

Usicheke. Ukibonyeza kitufe, aondoke mara moja au avute kasi kidogo kidogo? Ukiachia, asimame papo hapo au aende mbele kidogo? Akiruka lazima ashuke upesi kuliko alivyopanda, la sivyo anaelea kama karatasi. Na mchezaji akichelewa, mguu ukiwa umeshatoka ukingoni, bado namkubalia aruke, maana nisipomkubalia atasema gemu imemwonea. Yote haya nimeyaandika kwenye programu, nikayapima na kuyapima tena. Lakini mzee wangu bado anateleza kama sabuni kwenye sakafu. Jana mwenye ofisi alisimama nyuma yangu akamtazama, akasema, "Anatembea, sawa. Ila ndani yake hamna mtu." Akaenda zake kula.

Nimebaki na maneno hayo. Msalimie mama.

Mdogo wako, Kitinda

*

Tarehe 27 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba sana. Barua yako imefika, ukingo mmoja umelowa lakini inasomeka. Sisi hatujambo. Paa tuliliziba, likavuja upande wa pili. Fundi anasema paa letu ni kama mtoto mtukutu, ukimshika mkono huu anachokoza na ule. Mama macho yanamsumbua ila mdomo mzima kabisa. Nimemwambia wewe si wa ndege. Amesema, "Hata hivyo."

Shuleni wameniongezea darasa. Mwalimu mwenzangu wa hisabati amehama, kwa hiyo sasa napanda ile ngazi ya nyuma kutwa kucha. Mguu wangu wa kushoto unajua kulalamika. Tangu ugonjwa ule wa utotoni haujawahi kunidai mengi, ila ngazi haupatani nazo. Nitazoea. Ukubwa jalala, kila mtu analeta takataka yake kwangu.

Nimesoma habari za mzee wako mpaka kwenye chumba cha walimu nikajikuta natabasamu peke yangu. Mimi nafundisha kwamba kasi ni umbali kugawa kwa muda, nikadhani nimemaliza. Kumbe kuna mtu analipwa kuhangaika na jinsi mtu anavyoanza kwenda na anavyosimama! Ushauri wangu haufai kitu, lakini ngoja niutoe, kwa kuwa mimi ni dada. Watu hawatembei wote namna moja. Toka nje ukae barazani, uwatazame wapitao. Mmoja anatembea kama anadaiwa, mwingine kama anadai. Mzee wako atakuwa humo.

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba.

Dada yako

*

Tarehe 2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Kazi ilinibana. Mimi mzima, nimenunua feni, sasa chumba kina upepo na mimi nina mafua.

Mwendo wa Tarishi umepatikana. Si mwendo sawa tena: hatua moja fupi na nzito, inayofuata ndefu na nyepesi. Kasi inashuka, inapanda, inashuka. Mchezaji lazima aisikie. Akirukia kwenye hatua fupi anaingia mferejini, akirukia kwenye ile ndefu anavuka vizuri. Ghafla gemu imekuwa na utamu. Watu ofisini walicheka mpaka mtu wa sauti akatoka nje kupumua. Mwenye ofisi amenipigia makofi mbele ya wote. Mifereji yote tumeipima upya kufuata mwendo huo.

Wananiuliza nimeutoa wapi. Nimeubuni tu.

Gemu itatoka karibuni. Si lazima uitafute, ni mambo ya watoto, na simu ya nyumbani ni ya zamani, itakwama bure. Mwambie mama nitamtumia dawa ya macho.

Kitinda

*

Tarehe 15 Juni

Kitinda wangu,

Vipi hali? Barua niliyokuandikia Mei hukuijibu, nadhani ilipotea njiani. Huku tuko salama. Dawa ya mama imefika. Anaiweka kila asubuhi na kulalamika kila jioni. Binti wa jirani ameolewa, mama amecheza mpaka amepoteza kiatu kimoja, na hatujakiona mpaka leo.

Nina jambo nataka kukuuliza, ni la kipuuzi, lakini linanikera. Wanafunzi wamenipa jina. Hilo si geni, kila mwalimu ana lake. La kwangu la zamani lilikuwa Mama Jedwali, na nilijifanya silijui huku nikilipenda. Sasa limebadilika. Nikivuka uwanja nasikia kutoka madirishani, "Tarishi! Tarishi huyo!" Halafu kicheko. Wiki iliyopita niligeuka ghafla nikamkuta msichana wa darasa langu mwenyewe, anayefanya vizuri kuliko wote, anatembea nyuma yangu. Anatembea kama mimi. Mkono kiunoni. Aliponiona uso ulimshuka.

Nilimuuliza, "Ndiyo nini hiyo?"

Akasema, "Ni gemu tu, mwalimu."

Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa lipi? Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka kengele ikagongwa. Mtu mzima na cheo changu, nimejificha chooni. Sikuwahi kujificha hata nilipokuwa mtoto. Sasa najikuta nafika shuleni mapema kabla uwanja haujajaa, na darasani nafundisha nimekaa. Mwalimu mkuu ameniuliza kama naumwa.

Nikakumbuka jina hilo nimelisoma kwenye barua yako. Ninajua gemu zina mambo mengi na watoto huongeza chumvi. Lakini wewe uliyemtembeza mzee huyo, niambie: anatembeaje mpaka wamkumbuke mwalimu wao?

Dada yako

*

Tarehe 20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, gemu imependwa kuliko tulivyotegemea, tunaambiwa tuongeze mitaa mingine. Nimehamia chumba kikubwa kidogo.

Kuhusu lile jambo la shuleni, pole sana. Watoto wa siku hizi hawana adabu. Tarishi ni mzee tu, anatembea kizee. Sioni kinachofanana. Mpuuze anayecheka, atachoka.

Nimemtumia mama kitambaa, na wewe viatu laini vya kuvaa darasani. Sikuwa na hakika ya kipimo.

Kitinda

*

Tarehe 6 Septemba

Kitinda,

Jana mwalimu wa sayansi aliingia chumba cha walimu na simu yake, anapiga kelele, "Njooni mmwone mdogo wake mwenzetu, anahojiwa!" Tulijaa kwenye simu ile kama nzi kwenye embe. Nilijivuna. Ulivaa gauni la bluu, umenenepa kidogo, nikasema kimoyomoyo, mtoto wetu huyo.

Kwanza wakaonyesha gemu. Nikamwona mzee. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Mguu wa kushoto unatua kwa uzito, wa kulia unazunguka kuufidia, bega linashuka. Na kabla ya kuruka mfereji anashika kiuno. Mkono ule, Kitinda! Ninaushika hivyo nikivuka maji pale nyuma ya nyumba, na hapo hakuna anayeniona ila nyinyi. Hakuna aliyenitazama, na ndiyo maana nikajua wote wameona.

Halafu mtangazaji akakuuliza umeutoa wapi mwendo huu wa kuchekesha. Ukacheka. Ukasema, "Nyumbani tulikuwa na bata aliyevunjika mguu."

Nilirudi nyumbani. Habari zilikuwa zimeshatangulia, maana jirani naye ana simu. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Aliniambia, "Lakini sisi hatujawahi kufuga bata."

Amelala bila kula.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiwaambia watoto kama methali tu.

Viatu vinanitosha. Nimewapa watu wengine.

*

Tarehe 14 Septemba

Dada,

Sijui kama nina haki ya kukuamkia, kwa hiyo sikuamkii.

Ni wewe. Hakukuwa na bata. Sikubuni kitu.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mwezi ule wa Machi mwenye ofisi alisema nikishindwa kumpa mzee uhai atatafuta mtu mwingine. Nilikaa barazani kama ulivyoniambia, nikatazama wapitao siku nzima, sikuona kitu. Nikarudi ofisini. Mchoraji akaniambia, "Hebu simama utembee, tuone unachotaka." Nikasimama. Nikatembea kama wewe. Sikupanga, Dada, mwili ulikuwa unaujua mwendo wako kuliko wangu, kwa kuwa ndio mwendo niliojifunzia kutembea, nikishika upindo wa gauni lako. Nilifika hadi dirishani, na nyuma yangu wakaanza kucheka.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha.

Wakasema, rudia. Nikarudia. Safari ya pili nikazidisha kidogo, bega nikalishusha zaidi. Mchoraji alikuwa anapiga picha za video. Nilikwenda na kurudi kati ya meza zile, na mimi nacheka pamoja nao. Mara ya mwisho nikashika kiuno, nikaruka begi lililokuwa sakafuni. Walipiga meza kwa viganja. Hilo ndilo siwezi kulifuta. Programu naweza kuifuta kwa dakika moja. Kicheko changu siwezi.

Ulipoandika kuhusu yule msichana, niliisoma barua nimesimama kwenye korido ya jengo letu. Watu wakanipita. Nilikaa nayo majuma mengi nikianza kuandika ukweli na kuchana. Kisha nikakuandikia uongo nikauzungushia viatu. Na mtangazaji aliponiuliza, nilikuwa na nafasi ya kusema "ni wa mtu wangu wa nyumbani." Nikaogopa wataniona mtu mbaya. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kuliko ulimi wenyewe. Nikakufanya mnyama ili mimi nionekane mtu.

Nimekwenda kwa mwenye ofisi nikamwambia yote, nikaomba tubadili mwendo. Aliinamisha kichwa, akasema pole, kisha akasema haiwezekani: mitaa yote imepimwa kwa hatua hizo, na watu wameshazizoea. Nikamwambia basi niende hadharani niseme ukweli, nikutaje, nikuombe radhi mbele ya wote. Hilo alilipenda. Namna alivyolipenda ndiyo iliyoniogopesha. Sitafanya lolote kabla hujaniambia.

Mwambie mama ale.

Kitinda

*

Tarehe 12 Oktoba

Dada,

Sijapata neno lako. Nilipiga simu, mama akapokea, akasema uko msibani. Nyuma yake nikasikia unakuna nazi. Nilimshukuru, nikakata.

Sitaki kitu. Nataka tu ujue nimeacha kuandika mwendo wa mtu yeyote. Sasa nafanya milango, namna inavyofunguka na kujifunga.

Kitinda

*

Tarehe 21 Novemba

Kitinda,

Mama anakula. Paa limetulia. Ni kweli sikuwa msibani.

Kuhusu kwenda hadharani: hapana, wala usinitaje popote. Umenitoa nje mara moja bila kuniuliza, hutanitoa mara ya pili kwa jina la kuniomba radhi. Mzigo wako ubebe mwenyewe, usitafute umati wa kukutua.

Sasa sikiliza lililotokea Jumatatu. Mwalimu mkuu alinipangia kuzungumza na wanafunzi kwenye mkusanyiko wa asubuhi. Kila zamu nilikuwa napanga udhuru. Safari hii nilikuwa nimeshaandaa wa kichwa kuuma. Nikamwona yule msichana mstari wa mbele, ananitazama kwa huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko kicheko. Basi nikavuka uwanja. Wote. Kwa mwendo wangu, bila kuharakisha. Kutoka nyuma mtu akasema "Tarishi", akanyamazishwa.

Nikasimama mbele nikawaambia, "Mmesema kweli. Yule mzee anatembea kama mimi. Aliyemtembeza ni mdogo wangu, tumbo moja, na mwendo aliutoa kwangu. Sasa mnajua. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, nasubiri." Hakucheka mtu. Upepo ulikuwa unapiga bendera, nasikia kamba yake ikigonga mlingoti.

Kisha mvulana mmoja mrefu akanyoosha mkono. "Mwalimu, alikuomba ruhusa?"

Nikasema, "Ndiyo. Aliniomba, nikampa."

Imetoka hivyo hivyo. Watoto wakapiga makofi, mwalimu wa sayansi akafuta miwani, na mimi nikashuka nikiwa na aibu ambayo sikuwa nayo nilipopanda. Miaka yote nafundisha kwamba jibu lisilo na njia halina alama, na nimesimama mbele ya shule nzima nikasema uongo mweupe. Kwa ajili yako. Nilikuwa na hasira na wewe mpaka meno yananiuma, na bado mdomo ulikukinga kabla sijaufunga. Sikufurahi. Bado sijafurahi.

Sasa wananisalimia vizuri, wengine wananibebea madaftari. Ninafundisha nikiwa nimesimama. Lakini sitaki kubaki mwongo kwa sababu yako. Niombe. Andika kama mtu anayeomba, kana kwamba hujafanya bado.

Dada yako

*

Tarehe 30 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo.

Mimi hapa natengeneza gemu, na ndani yake kuna mzee anayepeleka vifurushi. Mwendo ninaoujua kuliko wote duniani ni wako. Ningependa kumpa mzee huyo mwendo huo. Watu wataucheza, na wengi watacheka, na sitaweza kuwazuia. Watoto wa shule yako wanaweza kuutambua. Mimi nitapata sifa, wewe hutapata kitu.

Naomba ruhusa yako. Ukikataa, sitafanya.

Nimeiandika barua hii mara nyingi kuliko zote, ingawa ni fupi. Kila nikifika kwenye neno "naomba" naona jinsi ambavyo lingekuwa jepesi kulisema mwezi ule wa Machi.

Kitinda

*

Tarehe 13 Desemba

Kitinda,

Marahaba. Hatujambo. Mama anakusalimu, ameanza tena kuwaambia watu wewe ni wa ndege, nami safari hii nimemwacha.

Nimeisoma barua yako barazani, nikafikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza. Jibu langu ni hapana. Sikupi.

Mbele ya watoto nilisema ndiyo, na hiyo itabaki ndiyo, sitaenda kuitengua. Hii hapana ni yetu wawili. Gemu iko mikononi mwa watu na maji yakimwagika hayazoleki, usihangaike na mwenye ofisi wako. Sikuandika ili ufute kitu. Nilitaka niulizwe, na nijibu.

Shule inafungwa wiki ijayo. Njoo. Panda basi la asubuhi, nitakuja kituoni kukupokea mwenyewe. Kile kituo unakijua, kuna uwanja mpana, na mimi nitatokea upande wa pili. Ukiniona, usinikimbilie kunifupishia njia, wala usiangalie chini. Simama hapo hapo na mizigo yako unitazame, mpaka nifike.

Dada yako